Mbu Mwenye Adabu wa Kisoko

Busia, upande wa Uganda
Jumatatu mchana

Kwako dada yangu mpendwa Wakesho,

Bwana asifiwe sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Wundanyi, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mafua ya mama yamemwachilia. Na goti la baba je? Bado anapanda nalo mlimani akijidai haliumi? Sisi huku hatujambo. Mimi hasa sijambo kupita kiasi. Nimenenepa mashavu, na nikipita mbele ya kioo nasimama kidogo kumsalimia huyo mke wa mtu ninayemwona.

Najua utauliza kwa nini sikupigi simu. Dada, hapa mpakani simu yangu haijui iko nchi gani. Nikisimama mlangoni iko Kenya, nikiingia ndani iko Uganda, na salio linakwisha tukiwa bado kwenye "na wengine hawajambo?" Tena habari ninayokuletea haitoshi kwenye simu. Kwa hiyo ninampa barua dereva mmoja rafiki wa Owor anayeshuka Mombasa, ataiacha Voi kwenye duka la shemeji.

Kwanza niseme juu ya huyo Owor, mume wangu, maana nisipoanza naye kalamu itagoma. Wakesho, hivi wewe unajua kwamba mwanamume anaweza kushinda kutwa nzima chini ya malori, akizibua rejeta zilizojaa kutu, halafu jioni akasugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka vidole vimekuwa vyekundu, eti asije akakuchafulia gauni? Ndiye huyo. Huku wana chapati wanayoiviringisha na mayai, wanaiita roleksi. Owor ananunua moja, ananikatia nusu kubwa, kisha ananiapia kwamba hana njaa huku tumbo lake likinguruma kama injini. Anaimba vibaya sana, na ananiimbia kila asubuhi. Nikimwangalia amelala nacheka peke yangu. Basi niishie hapo, usije ukampa shemeji barua hii kwa bahati mbaya.

Sasa habari yenyewe. Nyumbani kwao Owor ni Kisoko, wilaya ya Tororo, na chumba chetu cha Busia ni cha kupanga tu kwa ajili ya kazi. Huko kwao kijana hajijengei popote anapotaka. Baba yake ndiye humwonyesha mahali, na baba ndiye anayepigilia kigingi cha kwanza. Mpaka hapo mke wake ni mgeni, hata akae miaka. Na baba mkwe wangu, Mzee Obbo, tangu harusi alikuwa hajatuonyesha hata unyayo mmoja wa ardhi. Tukienda kusalimia tunalala kwenye kibanda cha Owor cha ujana, ambacho mlango wake haufungi na kuku mmoja anakiona ni chake. Mzee hakusema hapana. Alisema, "Tuone kwanza." Alichotaka kuona ni mimi. Mwanawe alimletea msichana kutoka milima ya mbali, ambako hakuna jirani wa kuulizwa huyu ni mtu wa namna gani.

Na utamwonyesha nini mtu ambaye hamzungumzi? Maana huku mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Simpi mkono. Sili naye meza moja. Chai yake naiweka juu ya kigoda, narudi nyuma, ndipo anakuja kuichukua. Kumgusa ni mwiko, na kugusa kitanda chake ni mwiko mkubwa zaidi. Ukikosea, wazee wanakaa kikao, kuku anachinjwa, na jina lako linatajwa kwenye kila sherehe mpaka uzeeke. Hata maneno yake kwangu yanapitia kwa mama mkwe. Anaweza kuwa amekaa hapo hapo ninaposongea ugali, akasema, "Mama Owor, mwambie apunguze moto." Mama anageuka, ananiambia nipunguze moto, na mimi tayari nimeshapunguza.

Basi nikiwa katika hali hiyo, nesi mmoja wa kituo cha afya cha Kisoko alipita Busia akitafuta watu wa kuigiza. Walikuwa wamegawa vyandarua, na watu wamevitumia kwa kila kazi isipokuwa kulala ndani yake. Kuna aliyezungushia sukuma wiki, kuna aliyefugia vifaranga, na kuna mchezaji mmoja aliyefanya wavu wa goli. Nesi akaona hotuba hazisaidii, afadhali igizo, na lifanyikie uwanjani, Kisoko, siku ya mnada, mbele ya kila mtu. Owor akaniambia, "Mpenzi, si ulikuwa unaigiza shuleni? Nenda, usikae chumbani ukihesabu malori." Unaona anavyonifikiria?

Tukakutana nyuma ya soko, watu ambao hatujawahi kuonana. Alikuwepo Mwalimu Egesa kutoka Masinya, ambaye ndiye mkubwa wetu wa igizo, mtu mfupi mwenye sauti ya kupasua mabati. Alikuwepo Barasa, muuza mitumba wa upande wa Kenya, aliyechaguliwa kuwa mgonjwa kwa sababu anajua kukoroma mpaka mbwa wanajibu. Alikuwepo Nabwire, muuza dagaa, ambaye alikuwa mke wa mgonjwa na alikataa katakata kuvaa nguo zilizochanika. "Mimi niigize maskini, sawa," alisema, "lakini maskini anayefua."

Siku ya kwanza tuligombana juu ya mbu anatoka upande gani. Wa upande wa Uganda walisema mbu wanakuja na malori kutoka Kenya. Barasa akaruka. "Zii! Mbu wa Kenya havuki bila kitambulisho. Hao ni wenu, wamezaliwa hapa hapa kwa mpunga wenu." Nesi akaamua kwamba mbu anatoka kwenye dimbwi lililo karibu na nyumba yako, na mjadala ukafungwa.

Ndipo Mwalimu Egesa akauliza, "Haya, nani atakuwa mbu?" Kila mtu akatazama viatu vyake.

"Mimi hapana," Nabwire akasema. "Nikiwa mbu leo, kesho sokoni wataniita Mama Mbu. Jina hilo litanifuata mpaka kaburini, banange!"

"Na mimi ndiye ninayeumwa," akasema Barasa. "Siwezi kujiuma."

Wakanigeukia wote kwa pamoja. Huku bibi harusi wanamwita mugole, na mimi ndiye mugole wa mtaa. "Mugole," Nabwire akasema kwa sauti tamu kama ya kuuza samaki waliolala, "wewe hapa hakuna anayekujua. Hata wakisema mbu, watajuaje ni wewe?"

Nikakubali. Nikavalishwa gunia la kahawa kichwani lenye matundu ya macho, mabawa ya waya yaliyofunikwa na chandarua kilichotoboka, na mdomo wa kunyonyea damu. Huo mdomo ulikuwa mrija mrefu kabisa, ile mirija ambayo wazee wa huku wanakaa nayo wamekizunguka chungu cha pombe ya wimbi. Mwalimu alinifundisha kuruka. "Mbu haendi kama mtu anakwenda kutoa sadaka!" alikuwa akipiga kelele. "Kiuno, mugole, kiuno!" Kisha ananionyesha mwenyewe, akizunguka benchi kwa ncha za vidole vya miguu, na kusema kweli alikuwa mbu mzuri kuliko mimi. Sehemu yangu ilikuwa rahisi. Mgonjwa amelala nje ya chandarua, nazunguka mara kadhaa, namchoma mguu kwa mrija, anapiga yowe, anaugua, nesi anakuja, mwisho tunaimba.

Niliomba ruhusa nyumbani kama inavyotakiwa. Nilimwambia mama mkwe kwamba nitakuwa kwenye igizo. Sikusema nitakuwa nani, maana ni mkamwana gani anayejisifu kwa wakwe kwamba yeye ni mbu? Mzee alikuwa karibu na ghala akinoa jembe, anasikia kila neno, lakini akangoja mama amfikishie. Akanoa kidogo. Akasema, "Mwambie aende. Watu wote watakuwa pale. Nikitoka pale nitajua kama Owor ameniletea mtu au ameniletea kelele. Halafu tutaongea mambo ya vigingi."

Dada, wiki hiyo sikupata usingizi. Owor alikuwa ananikanda mabega akisema, "Watakupenda kama ninavyokupenda." Nikamwambia hiyo haiwezekani, uwanja mzima hautoshi.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa, watu wamepanda hata juu ya mapaa ya vibanda. Sisi waigizaji tulijificha nyuma ya turubai lililofungwa kati ya miti miwili. Nikavaa gunia langu, nikachungulia kwenye tundu la turubai kuona kama kila kitu kiko tayari. Katikati ya uwanja, mahali pa benchi letu la mazoezi, palikuwa na kitanda cha mvule chenye miguu iliyochongwa, kimeshatandikwa godoro na chandarua cha nesi kimeviringishwa juu yake. Nakijua kitanda hicho. Nimekipitia mbali nikifagia ua siku kilipoanikwa juani. Mwalimu Egesa alitaka kitanda cha kweli, akaazima kwenye nyumba iliyo karibu na uwanja, na nyumba iliyo karibu na uwanja ni ya Mzee Obbo. Na Mzee, ambaye hamwamini mtu na mali yake, alikuja nacho na kukaa juu yake akilinda.

Nikajiambia, sawa, nitaruka bila kugusa kitanda. Ndipo Nabwire akaja mbio. Barasa hayupo. Marobota yake ya mitumba yalikuwa ndani ya lori lililokwama kwenye foleni ya Malaba, na ameapa hayaachi. Mgonjwa hatuna! Kabla sijafungua kinywa, Mwalimu alikuwa ameshatoka uwanjani, ameinama mbele ya kitanda.

"Mzee, samahani. Unajua kukoroma?"

"Mimi?" akasema Mzee Obbo. "Uliza hii kijiji yote."

"Basi lala hapo hapo tu. Koroma. Mbu akikuuma piga kelele, useme unaumwa. Utaweza?"

Mzee akavua kofia, akaiweka vizuri kwenye nguzo ya kitanda, akalala.

Mwalimu aliporudi nilimshika shati. "Mwalimu, yule siwezi kumuuma."

"Mbu tangu lini anachagua?"

"Ni baba mkwe wangu."

Akatoa macho. "Baba mkwe hivi hivi, au baba mkwe kabisa?"

"Wa kanisani! Na kitanda ni chake!"

Yeye ni Msamia, na kwao pia mkwe haguswi. Alijishika kichwa. "Yesu wangu! Mwite Owor!" Lakini Owor alikuwa mbele kabisa na kundi la mafundi wenzake, anapiga makofi kabla igizo halijaanza. Na ngoma ikalia. Nabwire, ambaye hakusikia lolote, akanisukuma mgongoni, na mimi nikajikuta uwanjani na mabawa yangu.

Nilizunguka. Wakesho, nilizunguka kitanda kile mpaka majani yakalala. Watu wakaanza, "Uma! Uma!" Nikasogea hatua, nikarudi hatua. Mzee alikuwa anakoroma kwa bidii sana, na alipoona haumwi akafungua jicho moja. Nadhani alifikiri mbu ni mwoga, au ni mgeni wa kazi. Akanong'ona, lakini kunong'ona kwake kunasikika Tororo, "We mbu. Mguu iko hapa." Akautoa mguu nje ya kitanda, akakunja suruali mpaka gotini, akanitikisia.

Nikakimbia nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Sasa Mzee alikuwa ameingia kwenye kazi. Hakutaka igizo liharibikie mikononi mwake mbele ya kijiji. Akainuka kitandani. "Uma, mimi nasema! Watu nangoja!" Akanifuata. Mgonjwa akamfukuza mbu, dada! Mimi mbele na mrija umenyooka, yeye nyuma na mguu mmoja wa suruali umekunjwa, tunakizunguka kitanda, na mimi nalibana kila bawa nisikiguse. Mama mmoja alicheka akakaa chini. Sauti kutoka mapaani ikasema, "Mbu huyu ameokoka!" Nyingine ikajibu, "Ni mbu wa Kenya, anaogopa kuuma bila kibali!"

Kwenye kona ya tatu bawa langu likanasa kwenye kamba ya turubai. Waya ukavuta gunia, na gunia likatoka. Nikabaki uso wazi, jasho linatiririka, mbele ya watu wote wa Kisoko. Mwanamke akapiga kelele, "Ni mugole! Ni mke wa Owor!"

Walio mapaani wakainuka waone vizuri. Mzee alikuwa amenyoosha mguu, hatua moja kutoka kwangu. Akaniangalia. Akauangalia mguu wake. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akiruka vile. Alitua kitandani, akauvuta mguu ndani, akashusha chandarua, na akakichomeka chini ya godoro pande zote, kichwani, miguuni, ubavuni, haraka haraka, pasibaki hata nafasi ya sisimizi.

Nesi akapaza sauti, "Mmeona? Mmeona? Hivyo ndivyo chandarua kinavyochomekwa!"

Makofi yaliyopigwa, Wakesho, hayana mfano. Lakini mimi sikuyasikia. Niliona jambo moja tu, nyumba yetu ikiondoka, na mimi na Owor tukizeeka na yule kuku. Machozi yalikuwa yananijia. Ndipo ndani ya chandarua ikatoka sauti, ya heshima kabisa, kama tuko uani.

"Mama Owor!"

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka na akina mama wa kanisa. Akasimama polepole, akarekebisha kitenge. "Nasikia, baba."

"Mwambie huyo mbu aende nyumba ingine. Hapa watu nalala ndani ya chandarua."

Mama akanigeukia. Kwa uso mkavu kabisa akasema, "Mbu. Baba anasema uende nyumba nyingine. Hapa watu wanalala ndani ya chandarua."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikapiga magoti kama ninavyofanya nikileta chai. "Mama, mwambie baba nimesikia. Na mwambie tangu mwanzo sikuwa na njaa."

"Anasema hakuwa na njaa."

Chandarua kikaanza kutikisika. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitanda kikalia, na uwanja wote ukacheka naye. Mwalimu Egesa, ambaye si mjinga, akatoa ishara tuimbe kabla jambo lingine halijatokea. Owor alikuja mbio, akanivua bawa lililobaki, akanipangusa uso kwa mikono yake, mbele ya watu. Mbele ya watu, dada! Vicheko vikaanza upya, na mimi sikujali.

Lakini jioni ile Mzee alibeba kitanda chake akisaidiwa na vijana, akaenda nyumbani bila kutaja kigingi. Tulirudi Busia hatujui tumepanda au tumeshuka. Niliosha sufuria moja mara mbili kwa kuwaza.

Jana, baada ya ibada, tukaitwa Kisoko. Tulimkuta Mzee nyuma ya shamba la muhogo, ameshika panga, na vigingi viko chini shinani mwa mti. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati, mahali pake pa kazi. Mzee akaongea akiangalia muhogo.

"Mama Owor, waambie. Watu wote walikuwa napiga kelele auma. Mimi mwenyewe nimempatia mguu. Na yeye akakataa. Huyo si kelele. Huyo ni mtu."

Mama akatueleza, ingawa mimi nilikuwa nimeshaanza kulia. Mzee akapigilia kigingi cha kwanza, cha pili, akapima kwa hatua zake, akaweka viwili vya mlango. Halafu akafanya jambo ambalo Owor anasema hajawahi kulisikia katika ukoo wao. Alisema, "Muulize kama mlango iko sawa."

Nilipiga magoti, nikamwambia mama kwamba mlango uko sawa, asante sana. Nikasita. Kisha nikasema, kama haitakuwa vibaya, ukiwa umeelekea kidogo upande ule, nikiamka asubuhi nitauona mwamba wa Tororo, na kwetu mtu akifungua mlango anaona mlima.

Mama hakuwahi hata kufikisha. Mzee alikuwa ameshainama. Akaving'oa vigingi vile viwili, akavipeleka upande wa mwamba, akarudi nyuma akafumba jicho moja kutazama, akavisogeza tena kidogo, akavipigilia.

Msalimie sana mama, umwambie binti yake ana kiwanja. Msalimie baba na hilo goti. Msalimie nyanya, umsomee barua hii polepole, na ukifika kwenye mguu usimame kwanza acheke apumzike. Msalimie mjomba anayepiga ngoma kanisani, shemeji, na watoto wako wote, hasa yule mdogo aliyelia siku naondoka. Owor amesimama nyuma yangu anasoma na anasema nimemsifu kidogo mno. Anawasalimu wote.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, mke wa watu wa Kisoko,

Mghoi